Hatshepsut na Wapiga Vinubi wa Karnak

Hatshepsut, jina ambalo maana yake ni aliye wa kwanza miongoni mwa wanawake watukufu, alizaliwa yapata miaka 3,500 iliyopita katika jamaa ya wafalme wa Misri. Babake alikuwa Farao Thutmose I na mamake Malkia Ahmose. Wengi humfahamu kwa ndevu za bandia zionekanazo katika sanamu zake, na kwa merikebu alizozituma nchi ya Punt kuleta manemane. Makala haya yanamtazama kupitia kuta za Karnak zilizochongwa wapiga vinubi na wachezaji ngoma, kwa kuwa wanamuziki hao walikuwa nguzo mojawapo ya utawala wake.

Hatshepsut aliolewa na ndugu yake wa kambo, Thutmose II, wakajaliwa binti aliyeitwa Neferure. Pamoja na umalkia, alishika cheo cha Mke wa Mungu Amun. Cheo hicho hakikuwa pambo tu. Mwenye nacho alishiriki ibada bega kwa bega na makuhani wanaume, na miongoni mwa kazi za wanawake wa hekaluni ilikuwa kumtuliza mungu kwa nyimbo na kwa mlio wa sistra. Sistra ni ala ya kutikiswa, yenye mpini na vijiti vya shaba vinavyogongana, na matumizi yake yanakaribiana na yale ya kayamba. Hivyo basi, kabla ya kushika fimbo ya kifalme, Hatshepsut alikwishajua uzito wa muziki katika dini ya watu wake.

Mumewe alifariki mnamo 1479 KK. Mrithi, Thutmose III, alikuwa mtoto mdogo aliyezaliwa na mke mwingine. Hatshepsut akatawala kwa niaba yake, na kufikia mwaka wa saba wa enzi ya mtoto huyo alikuwa amejitangaza kuwa farao kamili. Itikadi ya ufalme ilimtaka mfalme awe mwana wa kiume wa miungu. Wachongaji wakampa Hatshepsut kifua na mavazi ya kiume, ilhali waandishi waliendelea kumtajia viambishi vya jinsia ya kike. Mgongano huo wa sanamu na sarufi ulimshangaza Champollion, msomi wa Kifaransa aliyefumbua maandishi ya Misri, alipozuru Deir el-Bahri mwaka wa 1829. Alimwona mfalme mwenye ndevu anayeelezwa kwa maneno ya kike.

Mtawala wa namna hiyo alihitaji kuthibitishwa mbele ya umma, na uthibitisho huo ulipatikana katika sikukuu. Wakati wa sikukuu ya Opet, sanamu ya Amun ilitolewa Karnak ndani ya mashua takatifu, ikabebwa mabegani mwa makuhani hadi Luxor, ikipumzishwa katika vituo sita njiani, kisha ikarejeshwa kwa njia ya Mto Naili. Katika sikukuu ya Bonde, mungu alivushwa mto hadi ng'ambo ya magharibi, penye makaburi na hekalu alilolijenga Hatshepsut. Watu wa kawaida hawakuruhusiwa kuingia ndani ya hekalu, lakini waliweza kuyaona maandamano na kuusikia muziki wake.

Hatshepsut aliagiza sherehe hizo zichongwe katika hekalu dogo la mawe mekundu lililokusudiwa kuihifadhi mashua ya Amun pale Karnak. Humo anaonekana mpiga kinubi, ala ambayo jina lake la Kiswahili humkumbusha msomaji nchi ya Wanubi. Wapo wanawake wanaotikisa sistra, na wachezaji waliojipinda kinyumenyume hadi mikono ikagusa ardhi, nywele zikiwaning'inia. Mfalme Hatshepsut naye yupo mbele ya mungu, mara nyingi akimtangulia Thutmose III. Mpangilio huo una hoja ndani yake: mungu anasafiri, watu wanaimba, na mwanamke huyu ndiye mfalme anayeiongoza ibada.

Muziki haukukomea katika kuta za Karnak. Huko Deir el-Bahri, sehemu aliyotengewa Hathor, mungu wa kike wa muziki na furaha, ilijengwa kwa nguzo ambazo vichwa vyake vimechongwa kwa umbo la sistra. Mwanamuziki mmoja wa enzi hiyo anajulikana hata kwa jina. Huyo ni Harmose, mwimbaji aliyezikwa chini ya kaburi la Senenmut, afisa mashuhuri wa Hatshepsut. Wachimbaji walipolifikia kaburi lake katika msimu wa 1935 hadi 1936, walimkuta amelazwa pamoja na ala yake ya nyuzi tatu, yenye shingo ndefu, jamaa ya gambusi.

Hatshepsut alifariki mnamo 1458 KK. Zaidi ya miaka ishirini baadaye, Thutmose III aliamuru jina na sura zake zifutwe. Kwa muda mrefu tendo hilo lilielezwa kuwa kisasi, lakini kukawia kwake kunaitia shaka rai hiyo. Aidha, uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2025 umeonyesha kwamba sanamu zake nyingi zilivunjwa katika sehemu maalumu, kama vile shingoni na kiunoni, kulingana na desturi ya kuziondolea sanamu nguvu zake ambayo iliwafika wafalme wengine pia.

Hekalu dogo jekundu nalo lilibomolewa, na baadaye mawe yake mengi yakatumiwa na Amenhotep III kujazia lango kuu la tatu la Karnak. Kuzikwa huko ndiko kulikoyahifadhi. Zaidi ya mawe 300 yamepatikana, na kuanzia mwaka wa 1997 hekalu hilo lilijengwa upya katika makumbusho ya wazi ya Karnak. Katika baadhi ya mawe sura ya Hatshepsut imefutwa. Katika mengine ingali nzima. Wapiga vinubi, waimbaji na wachezaji hawakuguswa na patasi. Nyimbo zao haziwezi kusikika tena, lakini kuwapo kwao kunamweleza mtazamaji kwamba sherehe hizi zilikuwa na mwenyewe, hata pale ambapo jina la mwenyewe huyo limekwanguliwa.