Farnsworth na Jua Ndani ya Tufe

Philo Farnsworth hukumbukwa kwa televisheni, nami sina ugomvi na sifa hiyo. Mwana huyu wa mkulima, aliyezaliwa Utah, Marekani, mwaka wa 1906, alirusha picha kwa elektroni mnamo Septemba 7, 1927, akiwa na umri wa miaka 21 tu.

Ninayemstahi zaidi, hata hivyo, ni Farnsworth wa miaka ya 1960. Aliunda tufe la chuma lisilo na hewa, lenye kizimba cha waya na maelfu ya volti, ili viini vya haidrojeni nzito vigongane katikati na kuungana. Viliungana kweli! Ila chembe nyingi hugonga waya zikapotea, na hadi leo hakuna tufe la aina hiyo lililotoa nguvu kushinda umeme linaolishwa. Ufadhili ulipokauka aliendelea kwa mali yake, nayo ikamwishia. Alifariki mwaka wa 1971.

Wanaomwita mshindwa siwaungi mkono. Huko kwao, vijana wa sekondari hulijenga tufe lake katika gereji za wazazi, wakichunga volti zisiwaue, na kuzihesabu nyutroni zitokazo.