Basquiat: Msee Aliyelala Parki, Akafia Kwa Keja ya Kukodi

Lile taji la ncha tatu umeliona kwa tisheti, sindio? Mwenyewe anaitwa Jean-Michel Basquiat, na stori yake inaanzia kwa kitu unakijua vizuri: keja.

Alizaliwa Brooklyn, New York, 1960. Buda yake alitoka Haiti, mathe alikuwa na asili ya Puerto Rico. Akiwa na miaka 7 aligongwa na gari, na akiwa amelazwa hosi mathe akamletea kitabu cha michoro ya mwili wa binadamu. Ndio maana picha zake zimejaa mafuvu na mifupa.

Akiwa na miaka 15 alihepa home, akalala kwa benchi za Washington Square Park. Baadaye akatoka kabisa, leo analala kwa beste huyu, kesho kwa yule. Mchana anauza postikadi na tisheti alizochora. Usiku yeye na Al Diaz wanazunguka Manhattan na rangi za kupuliza, wakiandika SAMO kwa kuta.

Elewa kwanza vile jiji lilikuwa. Miaka ya 70 New York ilikuwa imesota mbaya. Kule Lower East Side maploti yaliachwa matupu, na kuna wenye nyumba waliochoma zao wenyewe ndio walipwe bima. Waliobaki ni maskini, wahamiaji na wasanii, wengine wakiingia tu kwa majengo yaliyoachwa na kukaa. Kundi la wasanii, Colab, lilivamia jengo tupu la serikali ya jiji pale Delancey Street, na Januari 1980 likafungua maonyesho kuhusu mabwenyenye wa nyumba. Jiji likayafunga fasta. Juni, Colab hao hao wakafanya maonyesho mengine kwa jengo chakavu karibu na Times Square. Hapo ndipo kazi ya Basquiat ilianza kuonekana.

Kutoka hapo doo ikaingia, na si yake tu. Magalari yakafunguka mtaani, matajiri wakafuata, kodi ikapanda. Ni wasanii walifanya mtaa upendeze, halafu wenyewe wakashindwa kuulipia.

1983 akahamia 57 Great Jones Street, jengo la Andy Warhol. Hebu fikiria: msanii anayeongelewa New York nzima, na bado ni mpangaji. Warhol akafa Februari 1987, na Basquiat akazidi kuzama kwa madawa.

Usiku wa tarehe 6 Agosti 1988 makarao walipiga watu virungu Tompkins Square Park, kwa sababu walikuwa wanapinga parki kufungwa usiku, na kuna watu hapo ndipo walikuwa wanalala. Tarehe 12, Basquiat akapatikana amekufa ndani ya ile keja. Heroini. Miaka 27.

Picha yake moja ya fuvu, iliyonunuliwa dola 19,000 mwaka wa 1984, iliuzwa dola milioni 110.5 mwaka wa 2017. Na ile ploti ya Great Jones? 2022 ilitangazwa kukodishwa kwa dola 60,000 kwa mwezi. Mwaka uliofuata ikachukuliwa na Angelina Jolie.