Grogan: Mlowezi aliyepandikiza trauti katika mito ya Afrika Mashariki

Katika mito ya baridi ya nyanda za juu za Afrika Mashariki anaishi samaki ambaye asili yake si bara hili. Ni trauti, samaki wa maji safi, baridi na yenye mwendo. Alivuka bahari akiwa yai, akapanda milima akiwa amebebwa, na amekwisha kukaa huku kwa zaidi ya miaka mia moja. Historia ya ujio wake haitajwi bila jina la Ewart Scott Grogan, Mwingereza aliyejulikana kote katika Kenya ya kikoloni, na ambaye maisha yake yana mambo ya kustaajabisha na mengine ya kuhuzunisha.

Mkazi wa Njombe hahitaji kuelezwa sana kwa nini samaki huyo huchagua mahali pa kuishi. Mji huo uko karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na anayeamka alfajiri ya Juni katika kata ya Ramadhani anaijua baridi yake. Trauti hustawi katika maji ya namna hiyo. Maji yakipata joto la nyuzi 25 huanza kufa, kwa sababu hewa anayoihitaji hupungua majini. Ndiyo maana katika enzi ya Waingereza alipandikizwa milimani tu: kwanza Kenya, kisha katika mito ya Kilimanjaro na ya nyanda za juu kusini mwa Tanganyika, ikiwamo ya Mufindi.

Grogan alizaliwa London Desemba 1874, katika familia yenye watoto wengi. Alisoma Chuo Kikuu cha Cambridge lakini akaondoka bila shahada. Mwaka 1896 alikuwa kusini mwa Afrika, akipigana upande wa walowezi wa Cecil Rhodes dhidi ya Wandebele. Maradhi yalimdhoofisha, akaenda New Zealand kupata nafuu, na huko akampenda msichana aliyeitwa Gertrude Watt. Baba wa kambo wa msichana huyo hakuridhika na kijana asiye na mali wala kazi ya kueleweka. Grogan akaahidi kuonyesha uwezo wake kwa kusafiri kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo.

Safari hiyo ilianza mwaka 1898. Alipitia Ziwa Nyasa, Ziwa Tanganyika na Ujiji, akaendelea hadi Kivu na maziwa ya magharibi mwa Uganda, kisha akafuata Mto Nile kuelekea kaskazini. Sehemu ya njia alisindikizwa na Arthur Sharp, mjomba wa Gertrude. Alifika Cairo mwaka 1900, akamwoa Gertrude mwaka huo huo na kuchapisha kitabu cha safari yake. Ulaya ilimshangilia yeye peke yake, ingawa hakuna hatua ya safari hiyo ambayo ingewezekana bila Waafrika waliobeba mizigo, walioonyesha njia na waliojua maji yako wapi.

Mwaka 1904 alihamia katika himaya ya Waingereza ya Afrika Mashariki. Alifuata misitu na ardhi, na vyote viwili alivipata kwa wingi. Alishirikiana na mfanyabiashara Edward Lingham katika mbao. Alipata ardhi Mombasa palipofaa kujengwa gati, na kiwanja kikubwa chenye maji ya kinamasi katika Nairobi iliyokuwa bado mji mchanga. Hata hivyo, mto wa baridi usio na trauti ulikuwa kwake, kama kwa walowezi wengi wa wakati huo, kitu kisichokamilika.

Mwaka 1905 Grogan aliagiza mayai ya trauti wa kahawia kutoka Loch Leven, Scotland, ili yawekwe katika Mto Gura, unaoteremka kwa kasi kutoka milima ya Aberdare. Haikuwa kazi nyepesi. Yai la trauti lililokwisha kurutubishwa huweza kusafiri kwa wiki kadhaa, mradi lisikauke, lisitikiswe ovyo na lisipate joto. Kuyavusha mayai hayo katika Bahari ya Shamu na kuyapitisha Mombasa kulitaka barafu na uangalizi wa saa zote. Reli ilipofikia mwisho wa msaada wake, mzigo huo ulibaki mabegani mwa wapagazi hadi milimani. Samaki walianguliwa na wakazaliana.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1910, waliletwa kutoka Afrika Kusini trauti wa aina nyingine, yule wa upinde wa mvua. Huyu asili yake ni mito inayoingia Bahari ya Pasifiki, na huko kwao ana tabia ya ajabu. Wapo wanaozaliwa mtoni wakabaki mtoni maisha yao yote. Wapo pia wanaoteremka hadi baharini, wakanenepa huko kwa miaka miwili au mitatu, kisha wakarudi mtoni kutaga wakiwa wakubwa na wenye nguvu nyingi. Wamarekani huwaita hawa wa baharini stilihedi, yaani kichwa cha chuma. Ni samaki yule yule, ila amepita njia tofauti.

Kumvua stilihedi kwa chambo cha bati kinachozunguka ni maarifa yanayoanza kwa kuusoma mto. Chambo hicho ni kijibati chepesi kilichofungwa kwenye waya mwembamba, na nyuma yake kuna ndoano. Kikivutwa majini, kijibati huzunguka, hung'aa na kutikisa maji kama samaki mdogo anayehangaika. Samaki anayepanda mto hapendi kupigana na mkondo bila sababu. Hupumzika nyuma ya jiwe kubwa, mwishoni mwa kidimbwi, au kwenye mstari ambapo maji ya kasi hukutana na maji ya polepole. Hapo ndipo mvuvi anapopalenga.

Husimama upande mmoja na kurusha chambo kuelekea ng'ambo, kikiwa kimeelekea kidogo upande wa chini wa mto. Hukiacha kizame karibu na sakafu, kisha huuzuia mshipi ili mkondo ukipitishe chambo kwa mviringo mbele ya samaki. Kosa la wengi ni kuvuta haraka. Kijibati kinatakiwa kizunguke polepole kadiri kinavyoweza bila kusimama, na maji yanapokuwa baridi zaidi ndivyo mwendo unavyopaswa kupungua, maana samaki wa maji ya baridi hafukuzi kitu mbali. Maji yakichafuka, hutumika bati kubwa lenye kung'aa. Yakiwa maangavu, dogo lenye rangi iliyofifia hufaa zaidi. Katika vijito vyembamba vya milimani mambo hugeuka: mvuvi hunyatia kutoka chini, hurusha kuelekea juu, na hukivuta chambo kasi kidogo kuliko mkondo ili kijibati kisife.

Katika mito ya Kenya trauti hakupata kuwa stilihedi. Maji ya Gura hatimaye huingia Mto Tana na kufika Bahari ya Hindi, lakini kati ya mlima na bahari kuna nchi kavu yenye maji ya uvuguvugu ambayo samaki huyo hawezi kuyavuka akiwa hai. Hali ni hiyo hiyo kwa Ruhudji, mto unaopita Njombe na kuingia Kilombero kabla ya maji yake kufika Rufiji. Baridi ya mlimani inayompa trauti uhai ndiyo pia inayomfunga.

Walowezi waliifanya mito hiyo kuwa uwanja wao wa burudani. Katika sehemu kubwa ya mito ya trauti walishikilia desturi na kanuni za kutumia nzi wa bandia na fimbo tu, huku vijibati na chambo hai vikidharauliwa au kukatazwa. Leseni ilihitajika. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha kuangulia trauti Kiganjo, karibu na Nyeri, ili mito isipungukiwe. Lakini kanuni zilizomlinda samaki zilimweka pembeni mwenyeji. Mkikuyu aliyezaliwa kando ya Gura, aliyetia ndoano katika mto wa babu zake, aliweza kuhesabiwa mwizi wa samaki wa mgeni.

Jinsi Grogan alivyowatazama wenyeji ilionekana wazi Machi 14, 1907. Siku hiyo, akiwa rais wa chama cha walowezi, aliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu mbele ya mahakama ya Nairobi. Walidaiwa kuwakosea heshima wanawake wa Kizungu waliokuwa wakiwavuta kwa rikisho. Hakukuwa na kesi, na hakimu aliyejaribu kuzuia hakusikilizwa. Grogan alihukumiwa kifungo cha mwezi mmoja kwa kosa la mkusanyiko usio halali, si kwa kuwapiga watu wale. Miongoni mwa walowezi jina lake lilizidi kupanda.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alifanya kazi ya upelelezi na uhusiano na majeshi ya Wabelgiji. Baada ya vita alikuwa msemaji mkali katika Baraza la Kutunga Sheria. Hoteli yake ya Torr's ilifunguliwa Nairobi mwaka 1928, na huko Taveta, ng'ambo ya mpaka kutoka Moshi, alilima mkonge na kujenga nyumba kubwa juu ya kilima. Gertrude alifariki mwaka 1943. Kwa kumkumbuka, Grogan alitoa ardhi Muthaiga, na mwaka 1947 pakaanzishwa hospitali ya watoto ambayo hadi leo ina jina la mkewe. Mkono uliochapa viboko ndio uliotoa ardhi hiyo, na mwandishi wa haki hana budi kuyaandika yote mawili.

Grogan aliaga dunia Agosti 1967 nchini Afrika Kusini, akiwa na umri wa miaka 92. Barabara ya Nairobi iliyokuwa na jina lake sasa ni Kirinyaga. Ndoto ya enzi yake ya kuunganisha Cape na Cairo kwa reli ya Waingereza haikutimia. Mwezi mmoja tu baada ya kifo chake, Septemba 1967, Tanzania, Zambia na China zilitia saini mkataba wa reli ya TAZARA, ambayo leo inapita Makambako. Reli hiyo ilijengwa kwa nia iliyo kinyume kabisa: kuipatia Zambia njia ya baharini isiyotawaliwa na serikali za walowezi.

Kilichobaki katika mito ni samaki. Kiganjo, palipokuwa pakilelewa trauti kwa ajili ya fimbo za mabwana, leo panapatikana vifaranga kwa wafugaji wanaouza kitoweo. Mtoto wa aliyehesabiwa mwizi anaweza kuwa mwenye bwawa. Hata hivyo, trauti hajui historia hiyo. Anachokidai ni maji ya baridi, na baridi hiyo hutoka katika chemchemi na kivuli cha miti iliyo juu yake. Milima ikivuliwa misitu, maji yatapata joto na kujaa tope, na samaki aliyebebwa kutoka Scotland kwa barafu atatoweka kimya kimya. Wakati huo atakayekosa maji hatakuwa mvuvi peke yake.