Edward Maynard na Kamani ya Saa

Edward Maynard alizaliwa tarehe 26 Aprili, 1813, huko Madison katika Jimbo la New York, Marekani. Mwaka 1831 aliingia Chuo cha Jeshi cha West Point, lakini afya yake ilikuwa dhaifu, akalazimika kuacha. Basi akajifunza udaktari wa meno, na mwaka 1836 akaanza kazi hiyo mjini Washington.

Siku zile watu wengi walioumwa jino hawakujua dawa ila koleo. Ndani ya mzizi wa jino mna njia nyembamba yenye damu na mshipa wa fahamu. Uozo ukifika humo, maumivu huwa makali mno. Kuliokoa jino ni kuisafisha njia hiyo mpaka karibu na ncha yake, kisha kuiziba. Shida ni kwamba mara nyingi njia hiyo imepinda. Chombo kigumu hakifuati kona. Huchimba ukuta wa mzizi, au husukuma uchafu ukatokea nchani. Ndipo mgonjwa huendelea kuumwa hata baada ya kutibiwa.

Mwaka 1838 Maynard alitwaa kamani ya saa, akaichonga kwa tupa mpaka ikawa chombo chembamba kama sindano, chenye kupinda bila kuvunjika. Kwa chombo hicho aliweza kuingia ndani ya mzizi na kuusafisha.

Lakini sifa zake nyingi zilitoka penginepo. Mwaka 1845 alivumbua utepe wa fataki za bunduki, na mwaka 1851 bunduki inayotiwa risasi kwa nyuma. Bunduki hizo zilitumiwa na pande zote mbili katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865. Hata hivyo hakuacha meno. Alifariki Washington tarehe 4 Mei, 1891.

Leo madaktari hutumia tupa ndogo za nikeli na titani, zinazopinda kwa wepesi kuliko chuma, nazo huzungushwa kwa mashine. Uchunguzi mwingi umeonyesha kwamba kwa njia hiyo maumivu ya baada ya matibabu hupungua kuliko kwa tupa za mkono.

Hapa kwetu Hombolo, jino likiuma husemwa limeliwa na mdudu, na mara watu hutaka ling'olewe. Wasomaji wapenzi, kwanza mwulizeni daktari kama laweza kuokolewa. Maumivu kidogo ya siku chache baada ya kusafishwa mzizi ni kawaida. Yakizidi, au shavu likivimba, rudini kwake upesi. Jino la ukubwani likishang'olewa halioti tena.

Bunduki za Maynard sasa zimo katika nyumba za makumbusho. Kazi aliyoianza kwa kamani ya saa ingali ikifanywa kila siku.