Karl Paul Link: Aliyetupa dawa ya damu kutoka sumu ya panya

Februari 1933, katikati ya dhoruba ya theluji, mkulima mmoja wa Wisconsin, Marekani, alimfuata Karl Paul Link na kopo la maziwa lililojaa damu. Ng'ombe wake walikuwa wanakufa, na damu ile haikugandi hata kidogo.

Link, mwanakemia aliyezaliwa Indiana mwaka 1901, hakuwa na tiba ya kumpa. Lakini swali lile hakuliacha. Mwaka 1939 timu yake ikaikamata kemikali yenyewe: ilitoka kwenye majani makavu yaliyoota ukungu, chakula cha ng'ombe wale. Humo ndimo ilimotokea warfarin, iliyoingia sokoni mwaka 1948 kama sumu ya panya!

Baadaye ikawa dawa ya binadamu. Hata Rais Eisenhower aliitumia baada ya mshtuko wa moyo mwaka 1955. Link alifariki 1978.

Ugumu wake ni kipimo. Ikizidi, unavuja damu. Ikipungua, damu inaganda. Ndiyo maana anayeitumia lazima apimwe mara kwa mara, na siku hizi wengine wanajipima nyumbani kwa tone moja la damu ya kidole. Unaitumia? Usibadilishe dozi bila kumuuliza daktari.