Frantz Fanon, munganga aliyesikiliza watu

Wandugu wafanyakazi, jina la Frantz Fanon wengi wetu tunalijua juu ya siasa. Sisi wa sendika tulilisikia kwanza katika mikutano: mtu wa uhuru, adui wa ukoloni. Lakini kazi yake ya kila siku ilikuwa ingine. Alikuwa munganga wa wagonjwa wa akili. Leo tunataka kueleza maisha yake kwa upande huo, sababu unatuhusu mpaka ndani ya nyumba zetu.

Alizaliwa tarehe 20 Julai 1925 kule Fort-de-France, katika kisiwa cha Martinique, koloni ya Ufaransa. Akiwa kijana alipigana vita ya pili ya dunia upande wa de Gaulle, akapata kidonda na medali. Kisha akasoma unganga kule Lyon. Aliona namna mtu mweusi anavyozarauliwa, mpaka anaanza kujizarau yeye mwenyewe. Juu ya jambo hilo aliandika kitabu chake cha kwanza, mwaka 1952.

Halafu alifanya kazi katika lopitali ya Saint-Alban, Ufaransa, pamoja na munganga mmoja Mspania, François Tosquelles. Pale njo alijifunza kwamba dawa na kufuli havitoshi. Mgonjwa anapaswa kusema, kutumika, kukutana na wenzake. Na lopitali yenyewe, kama inaumiza watu, inapaswa kubadilishwa. Hiyo ni njia moja ya psikoterapi: maneno na maisha ya pamoja yanamusaidia mtu kuelewa kile kinachomusumbua.

Mwisho wa mwaka 1953 alitumwa Blida, Algeria. Alikuta wagonjwa wamefungwa, akaagiza wafunguliwe. Akaanzisha gazeti la wagonjwa, mikutano, sikukuu. Kwa wanawake Wazungu mambo yalienda vizuri. Kwa wanaume Waislamu, hapana: walikaa kimya tu. Kosa lilikuwa la nani? Fanon alikubali kwamba ni lake. Alikuwa amewaletea michezo ya Wazungu, tena alisema nao kwa mkalimani. Basi akafungua nyumba ya kahawa sawa ile ya kwao, akaleta wasimulizi wa hadisi, akashika sikukuu zao. Hapo wakaanza kusema. Huwezi kumuelewa mtu bila kujua anatoka wapi.

Vita ya uhuru ikaanza mwaka 1954. Fanon alipokea walioteswa, na pia waliotesa. Katika kitabu chake cha mwisho anaeleza habari ya polisi mmoja Mzungu. Kazi yake ilikuwa kutesa wafungwa. Polepole akaanza kupiga watoto wake, hata yule mdogo kabisa. Siku moja bibi yake alipomugombeza, akamufunga kwenye kiti na kumupiga. Aliogopa, akaenda kwa munganga. Alijua vizuri kwamba mambo yanatoka kazini, lakini kazi hakutaka kuiacha. Alitaka paka roho itulie, aendelee kutesa.

Wandugu, tusimame kidogo hapa. Sisi si watesaji. Lakini tunamujua baba anayetoka poste ya usiku, chefu amemutukana, mshahara haujaingia. Anafika nyumbani, anamalizia hasira juu ya bibi na watoto. Kesho anajuta, kesho kutwa anarudilia. Anazani adui ni bibi, kumbe adui alibaki kazini. Akipata mtu mwenye kumusikiliza vizuri, anaweza kuona hasira yake inapitia njia gani. Kuiona hakufuti kosa. Kunamupa nguvu ya kuacha.

Mwisho wa 1956 Fanon aliandika barua kwa mkubwa wa serikali, akaacha kazi. Aliona haiwezekani kuponyesha watu katika utawala unaowavunja kila siku. Mwezi wa Januari 1957 akafukuzwa Algeria. Kule Tunis alifungua huduma ya mchana: mgonjwa anatunzwa mchana, jioni anarudi kwake, asikatwe na jamaa yake.

Hata kwetu alifika. Alikuwa amekutana na Lumumba kule Accra, Desemba 1958. Mwezi wa Agosti 1960 alikuja Léopoldville katika mkutano wa Waafrika, akisimamia serikali ya muda ya Algeria. Lumumba aliuawa huku Katanga Januari 1961. Fanon mwenyewe alikufa tarehe 6 Desemba mwaka huo huo, kule Marekani, kwa kansa ya damu, akiwa na miaka 36. Walimuzika katika udongo wa Algeria.

Sisi wa sendika tunashika mambo mawili kwake. Moja, kwenda kusema na munganga juu ya shida za moyo si wazimu wala haya ya mwanaume. Pili, mtu asitudanganye kwamba mazungumzo yanatosha pale kazi yenyewe inaumiza watu. Tuombe mshahara na usalama, tena nyumbani tujichunguze. Bibi na watoto si wao waliotunyima haki yetu.