Mungu wa Baba Yangu: Maisha ya Yakobo

Soma Mwanzo 25:27, 28. Mafungu haya mawili tu yanatosha kutuonesha nyumba iliyogawanyika. Isaka alimpenda Esau kwa ajili ya nyama ya mawindo, na Rebeka alimpenda Yakobo. Angalia kwamba upendo wa mama haukutajwa sababu, lakini wa baba umetajwa, nayo sababu ni chakula. Yakobo alikua akijua kwamba ipo njia ya kupendwa na baba, na kwamba yeye, mkaa hemani, hakuwa nayo.

Kwa hiyo udanganyifu wa sura ya 27 haukuwa wa tamaa ya mali peke yake. Ili abarikiwe, ilimbidi avae nguo za ndugu yake, afungwe ngozi za wana-mbuzi mikononi na shingoni, na kujiita kwa jina lisilo lake. Baraka aliipata, ila ilitamkwa na mzee aliyedhani anambariki Esau. Kisha akakimbia.

Mwaka 1927 daktari Sigmund Freud wa Vienna alitoa kitabu akidai kwamba mwanadamu humwaza Mungu kwa kumkuza baba yake wa duniani. Hatukubaliani na hitimisho lake kwamba imani ni ndoto tu. Lakini alichokiona njiani si cha kupuuzwa: mtoto huja kwa Mungu akiwa tayari amebeba picha ya baba yake. Baadaye, mwaka 1969, daktari Mwingereza John Bowlby aliandika kwamba mtoto huhitaji mtu wa kumkimbilia anapoogopa. Akiwa naye, hupata ujasiri wa kwenda mbali. Yakobo alikwenda mbali bila kuwa na baba wa namna hiyo.

Tazama alivyojibu Betheli. Bwana alimwahidi nchi, uzao na ulinzi, wala hakuweka sharti lolote (Mwa. 28:13-15). Yakobo alijibu kwa neno kama. Alitaja mkate wa kula, nguo za kuvaa, na kurudi kwa amani nyumbani kwa baba yake. Hayo ni maombi ya mtoto aliye peke yake usiku. Miaka 20 baadaye, akibishana na Labani, alimtaja Mungu kama Hofu ya Isaka (Mwa. 31:42). Mungu alikuwa bado wa baba, na jina lenyewe lilikuwa na tetemeko ndani yake.

Kando ya kijito cha Yaboki aliulizwa jina lake. Zamani baba yake alipomwuliza yeye ni nani, alidanganya. Safari hii alisema ukweli, na hapo akabarikiwa.

Tungetamani kusoma kwamba tangu siku ile alikuwa baba mwema kwa watoto wote. Haikuwa hivyo. Asubuhi ileile, Esau alipokuja na watu 400, Yakobo aliwapanga watu wa nyumbani mwake: vijakazi na watoto wao mbele, Lea na watoto wake wakafuata, na Raheli na Yusufu wakawa wa mwisho, mahali pa usalama (Mwa. 33:1, 2). Ni kweli, yeye mwenyewe alitangulia mbele yao wote. Lakini kila mtoto alijua alisimama wapi kwenye mstari ule. Ile kanzu ndefu ya Yusufu iliwatangazia tu jambo walilokwisha kulijua.

Aliyemdanganya baba yake kwa mbuzi na nguo za ndugu alidanganywa na wanawe kwa damu ya mbuzi na nguo ya ndugu yao. Ukihesabu kutoka Mwanzo 37:2, 41:46 na 45:6, utaona kwamba aliomboleza miaka ipatayo 22. Wenye kumfariji walikuwa walewale waliomwumiza.

Soma Mwanzo 44:18-34. Yuda, mwana wa Lea, alisimama mbele ya mtawala wa Misri akirudia maneno ya baba yake kwamba mkewe alimzalia wana wawili. Wawili! Lea hakuhesabiwa, wala Yuda mwenyewe. Hata hivyo alijitoa kuwa mtumwa badala ya Benyamini ili moyo wa mzee yule usivunjike. Kikundi chako kijadili: ni nini humwezesha mtoto asiyependelewa kumpenda baba yake hivyo, bila kwanza kudai haki yake?

Yakobo aliingia Misri akiwa na miaka 130, akaishi huko miaka 17, sawa na ile aliyokaa na Yusufu kabla hajauzwa. Katika sura ya 48, macho yake yakiwa mazito kama ya Isaka zamani, aliwabariki Efraimu na Manase akijua vizuri mkono upi uko juu ya nani. Hapo hakumtaja tena Hofu. Alimtaja Mungu aliyemlisha kama mchungaji maisha yake yote. Kisha akawaita wana wote 12, kila mmoja kwa jina lake, wengine kwa maneno makali, lakini hakuna aliyeachwa nje.

Mwishoni aliagiza mahali pa kuzikwa. Raheli, mpenzi wake, alikuwa amelala kando ya njia ya Efrathi. Yakobo aliomba apelekwe kwenye pango la Makpela, walikolala Ibrahimu na Sara, Isaka na Rebeka, na ambako yeye mwenyewe alikuwa amemzika Lea.